Kivuli Kilichorudi Nyuma Uani kwa Bi Tokie

Saa moja na nusu asubuhi jua linaingia uani kwa Tokie Nagahama kupitia pengo la kati ya nyumba mbili, na linakuta samaki wameshapangwa. Wamepasuliwa, wamelowekwa kwenye maji ya chumvi, wamelazwa juu ya vichanja vya wavu, ngozi chini, nyama juu. Bi Tokie, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, anapita katikati akiwagusa kwa ncha za vidole. Kila akifika mwisho wa safu anatupa jicho upande wa kusini.

Kusini kuna kiwanja kitupu palipokuwa na nyumba ya wageni, iliyobomolewa mwaka jana. Tangu hapo Bi Tokie hamwamini mtu yeyote anayesimama barabarani bila shughuli. Hata mwandishi wa makala haya aliulizwa mara tatu ametumwa na nani, na kadi yake ya kazi ikageuzwa nyuma na mbele kama noti inayoshukiwa kuwa ya bandia.

Ana sababu. Kampuni moja ya ujenzi inataka kusimamisha pale jengo la ghorofa saba, na inawaomba majirani watie saini karatasi za ridhaa. Afisa wake, Bwana Isogai, alikuja na boksi la vitafunio vitamu vya maharage na maneno laini, akasema kivuli kitaugusa ua huu wakati wa baridi, tena kwa muda mfupi tu. Vitafunio viliishia tumboni mwa Yasuji, mume wa Bi Tokie. Maneno hayakumwingia mtu.

"Samaki wangu wanapata ladha wakati wa baridi," anasema Bi Tokie. "Upepo mkavu na jua, basi. Ukininyima jua nikakausha kwa mashine, samaki wa yeni mia mbili nitamuuza kwa mia moja, na mteja ataona kanionea huruma."

Mwezi wa Oktoba wakaja watoto.

Walikuwa watano, wa darasa la tatu, wote na mabegi mgongoni. Walipima uzio wake kwa utepe. Waligusisha sumaku kwenye miguu ya vichanja. Wakauliza ameishi hapo miaka mingapi, zamani palikuwa na nini, na barabara ile iliitwaje hapo kale. Kisha wakaweka kando ya uzio ubao uliotandikwa karatasi, wenye kijiti katikati, wakachora mstari pale kivuli cha kijiti kilipolalia.

Mpimaji wa ardhi angefanya nini zaidi? Bi Tokie alijua kwamba kabla ya ghorofa kujengwa vivuli hupimwa kwanza. Dalili ya mvua ni mawingu. Aliamini Bwana Isogai, baada ya kukuta mlango umefungwa, sasa anapenyeza watoto.

Akawajibu uongo mtupu. Miaka aliyoishi pale aliizidisha mara mbili, na barabara akaipa jina la paka wake. Watoto waliandika yote kwa adabu. Saa sita walichora kivuli tena, wakaenda shuleni kula. Bi Tokie akatoka, akatazama huku na huku, akauzungusha ule ubao.

Yasuji, aliyekuwa akipasua samaki barazani, alimwona. "Wewe mama, iko siku utakidai kivuli chako mwenyewe kitambulisho," alimwambia.

Kumbe taarifa ilishapita. Mtaani humo matangazo hutembezwa nyumba hadi nyumba yakiwa yamebanwa pamoja. Kila mtu husoma, hugonga muhuri wake, humpelekea jirani. Mwalimu wa darasa, Bi Hirono, alikuwa ameeleza humo kwamba uwanja wa shule unachimbwa ili kulazwa mabomba, kwa hiyo watoto wangejifunzia mtaani: jua na vivuli, sumaku, vipimo vya urefu, ramani, na historia ya mtaa wao. Ndiyo mambo ya darasa la tatu. Bi Tokie aligonga muhuri bila kusoma, akidhani ni mchango mwingine wa sherehe.

Kesho yake Mwalimu Hirono alibisha hodi akiwa na msichana mmoja, Sayuki, macho mekundu. Kundi lake, lililorudi uani kuchora tena saa nane, lilikuwa limeliambia darasa kwamba jua lilirudi lilikotoka. Wenzake walicheka hadi wakagonga madawati, lakini Sayuki alikataa kuufuta mstari aliouchora mwenyewe.

"Bibi," alisema, "wewe unaliangalia jua kila siku. Jana lilirudi nyuma?"

Bi Tokie anakiri kwamba hata hapo alihisi ni mtego. Alimkagua mwalimu kuanzia viatu hadi nywele. Kisha akamtazama mtoto.

"Alikuwa tayari kuamini chochote nitakachosema," anasimulia. "Ningesema ndiyo, angeenda zake akijua jua hurudi nyuma. Niliona aibu."

Akamwambia, "Halikurudi. Mimi ndiye niliyeuzungusha ubao."

"Kwa nini?"

"Nilidhani mmetumwa na watu wa ghorofa."

Sayuki alifikiri kidogo. "Na jina la barabara?"

"La paka."

Mwalimu alikohoa kuficha kicheko. Sayuki hakucheka. Alimtaka bibi aje darasani aseme mwenyewe, kwa kuwa yeye hataaminiwa. Bi Tokie alikwenda, amevaa nguo yake ya misibani, maana ndiyo pekee isiyonuka samaki. Akainama mbele ya watoto akaungama. Mmoja wao akauliza: hicho kivuli cha ghorofa kitafika wapi hasa? Jibu pekee alilokuwa nalo Bi Tokie lilikuwa lile la Bwana Isogai.

Sasa kuna mpango. Desemba, siku ambayo jua hupita chini kuliko siku zote za mwaka, darasa zima litakuja uani. Watoto watapima kamba yenye urefu wa ghorofa saba. Yasuji atafunga puto kubwa kwenye kamba hiyo na kulirusha kando ya kiwanja, na watoto watachora alama kila saa mahali kivuli chake kinapoangukia. Bwana Isogai amealikwa, na amekubali kuja.

Kivuli kikiwa cha muda mfupi kama alivyosema, Bi Tokie atatia saini. Ameahidi mbele ya watoto. Kikikaa juu ya vichanja, atakwenda na darasa hilo hadi ofisi ya mji.

Mwalimu Hirono amemsihi kwamba safari hii watu waaminiane. Bi Tokie anatikisa kichwa, anaegesha kiti chake katikati ya vichanja, anajaribu kuketi.

"Nitakaa hapa tangu alama ya kwanza mpaka ya mwisho, na chai nitanywea hapa hapa," anasema. "Mimi ubao niliuzungusha kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika samaki. Yule bwana ana miwili, na yote mitupu."