Mgonjwa wa Kayani

Mimi ni mtu wa kupanga mambo, na nikishapanga sipendi kupanguliwa. Kwa hiyo wenzangu wa kazini waliposema twende siku moja tukauone msitu wa Kwale, wenyewe, bila kampuni ya watalii, niliivalia njuga safari ile. Nilitafuta gari la watu kumi na wanne, nikaandika orodha: maji, viatu vya kufunga, dawa ya mbu, viazi karai. Saa kumi na mbili asubuhi tutoke kwetu Shika Adabu, magharibi tuwe tumerudi.

Tulichokitaka hasa ni kaya, ule msitu mzito wa wazee wa Kidigo, na mle huingii hivi hivi. Lazima wazee wapewe habari. Hapo nilijiona nimepata, maana mama mkwe wangu, tunayeishi naye, kwao ni huko, na kakake ni mmoja wa wazee wenyewe. Nikamwomba atuombee ruhusa. Alipiga simu mara tatu, akanunua kaniki mpya, akaniambia mambo tayari. Nilidhani kaniki ni ya zawadi.

Kwao anayewaombea wageni ndiye anayewaingiza. Sikulijua hilo, au niseme sikutaka kulijua. Asubuhi ile nilimkuta barazani kabla ya gari kufika, amejifunga kaniki, mkoba mapajani.

Gari lilipofika, nafasi moja ilikuwepo. Nasema ukweli kwa sababu nimeuficha vya kutosha: nilimwonea haya. Anatafuna tambuu, anatema popote, anacheka kwa sauti, na mkubwa wangu wa kazi alikuwemo garini. Nikamwambia gari limejaa.

“Haya, mwanangu,” akasema. “Mwende salama. Kakangu mumwambie namsalimu.”

Kakake alikuwa akitungoja ukingoni mwa msitu na wazee wawili. Alitupokea vizuri, kisha akachungulia ndani ya gari, akauliza mwenyewe, dadake, yuko wapi. Wenzangu wote wakanigeukia. Nikasema ana homa.

Mzee akavua viatu, nasi tukavua. Kabla hatujaingia aliinua mikono, akamwombea dadake shifaa, dua ndefu ya polepole, akimtaja pamoja na mama yao na bibi yao. Kila alipotua tuliitikia amin. Mimi niliitikia kwa nguvu kuliko wote, kwa woga tu. Msitu wenyewe siukumbuki sana. Nakumbuka ubaridi wa majani makavu chini ya nyayo, na mkubwa wangu akinisifu kwa mpango mzuri. Sijawahi kusifiwa nikajisikia mchafu kiasi kile. Tulipotoka, mzee alichuma majani kwenye kijishamba chake, akayafunga kwa ukili, akanikabidhi nimpelekee mgonjwa.

Magharibi nilimkuta mama mkwe jikoni. Kaniki alikuwa ameshaivua. Nilikuwa nimekusudia kuyatupa yale majani njiani, na wallahi nilishindwa. Nikampa, nikasema kakake anamsalimu. Aliyanusa, akayatambua papo hapo.

“Haya ni ya homa,” akasema. “Nani mgonjwa?”

Nikasema ni mimi.

Akanigusa shingoni kwa mgongo wa kiganja, akanivutia kibao nikae, akabandika maji ya kunichemshia.