Soseji Chini ya Mkate

Ramini alikuwa fundi wa lifti, na kwa miaka kumi na tisa alishinda akining'inia kwenye nyaya ndani ya maghorofa ya jiji la Tbilisi. Watu walimdhania jasiri. Hawakujua kwamba shimo la lifti lina giza, na giza ni rafiki wa mwoga, halimwonyeshi chini ni mbali kiasi gani. Nyumbani, alikoishi na mama yake Nanuli, alikagua bomba la gesi mara tatu kabla ya kulala, na mara ya nne akishalala.

Kwa hiyo Gocha alipomwambia waende Tusheti kuona ngome za milimani, alitaka kukataa. Lakini Gocha alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, na wiki iliyofuata alikuwa anahamia Poland kuendesha malori. Rafiki anayehama hanyimwi kitu. Wakamkodi Imeda na gari lake, mzaliwa wa huko juu, mtu wa shingo nene na maneno ya kuhesabu.

Kwenye kijiji cha mwisho kabla ya mlima, Imeda alizima gari akageuka.

"Kuna nyama ya nguruwe humu?"

"Hakuna," alisema Gocha.

"Nauliza kwa sababu mwaka jana waliniambia hakuna. Tulipofika katikati nikasikia harufu. Niligeuza gari hapohapo. Kwetu nguruwe haingii, tangu enzi za mababu. Akiingia, mlima unadai chake."

"Hakuna, bwana," alisema Ramini, na alisema kweli kwa kadiri alivyojua.

Nusu saa baadaye aliingiza mkono kwenye kikapu alichofungiwa na mama, akitafuta kitambaa cha kufutia jasho. Chini ya mkate, ndani ya gazeti, vidole vyake vikagusa kitu laini kilichopinda kama kiatu cha farasi. Soseji. Hakuhitaji kufungua. Mama Nanuli hakuwahi kutengeneza za ng'ombe maishani mwake, na sheria anayoijua ni moja tu: mwanangu asife njaa.

Barabara ilikuwa ya gari moja. Kulia ukuta wa mwamba unaovuja maji. Kushoto, alikokaa Ramini, hapakuwa na kitu. Ukungu tu. Alitamani kuitupa soseji dirishani, lakini mpini wa kushushia kioo uling'oka zamani. Na ilibidi aitupe kabla ya kilele, maana ng'ambo ya kilele ni Tusheti, na huko hata kuitupa ni kosa. Akisema, Imeda atageuza, na Gocha ataondoka nchini bila kuona hata mnara mmoja. Akinyamaza, mlima utadai chake. Injini ilikohoa. Ramini akajua inamkoholea yeye.

Kwenye kona moja palikuwa na jiwe lenye picha ya kijana aliyefia hapo, na kando yake meza yenye chupa na mkate. Imeda alisimamisha gari, akalowesha midomo tu kwa kinywaji, kilichobaki akaumwagia mkate kumkumbuka marehemu. "Beso, mtoto wa shangazi yangu. Mungu amlaze pema."

Gocha akauliza, "Alikuwa na nguruwe?"

"Sikumuuliza."

Ramini alikuwa ameshuka na kikapu, mkono umeshaingia chini ya mkate. Beso akamtazama kutoka kwenye jiwe. Kumtupia marehemu soseji miguuni, tena marehemu wa dereva! Hata woga una adabu yake. Akarudi garini nayo.

Kona mbili mbele, likatokea lori la sufu ya kondoo likishuka. La kurudi nyuma lilikuwa gari lao. Imeda akatia rivasi. Wakarudi polepole kutafuta pa kupishana, mita kumi, kumi na tano, kisha matako ya Ramini yakashuka kidogo, upande wake tu. Mawe yaliporomoka. Akasubiri asikie yanatua. Hakusikia kitu.

"Imeda," alisema, sauti ikimtoka kama ya kuku. "Nina soseji."

Imeda alikanyaga breki. "Soseji ya nini?"

"Ya mama."

"Ya mama au ya nguruwe?" Gocha aliuliza, naye sasa hakuwa anatania.

"Ya nguruwe. Sikujua. Nilijua baadaye, nikanyamaza."

Imeda hakupiga kelele, na hilo lilitisha zaidi. "Shuka nayo. Mlango wa upande wa mwamba."

Ramini alimpanda Gocha magotini akatoka. Nyuma ya gari, nusu ya tairi ilikuwa inakanyaga hewa. Akalala kifudifudi kwenye tope, na akiwa amelala jicho lake likafanya kazi linayoijua: kupima.

"Usukani kwa mwamba," alisema. "Mbele vidole viwili. Simama. Viwili tena. Simama!" Sauti ilitetemeka, vipimo havikutetemeka. Tairi likapata udongo.

Gari lilipobanwa vizuri ukutani, lori likapita, vioo vikisuguana. Ramini akamkabidhi dereva wa lori kifurushi cha gazeti chenye soseji. Yule alikuwa anashuka bondeni, ambako nguruwe hana kosa. Akanusa, akashukuru.

Imeda alimsimamisha Ramini chini ya maji ya mwamba, akamnawisha hadi viwikoni, kwa mchanga, mara tatu. Maji yalikuwa ya theluji.

"Sasa unageuza?" Ramini aliuliza.

Imeda alivitazama viganja vile vyekundu. "Wale wa mwaka jana niliwanusa mwenyewe. Wewe umesema." Akawasha gari. "Mama yako mwambie siku nyingine akufungie jibini."

Mchana wakafika. Minara ya mawe ilisimama juu ya kilima kama ilivyosimama siku zote. Gocha aliitazama mpaka machozi yakamlengalenga, akasingizia upepo. Imeda akawapiga picha, ile aliyokwenda nayo Poland. Ndani yake Gocha anatazama ngome. Ramini ameipa mgongo, kiganja puani, ananusa kama harufu ya soseji imeisha. Maana barabara ya kurudi ilikuwa ileile.