Upande wa Kushoto wa Hedifoni

Hedifoni zilinifikia kijijini kwetu Bweni, kisiwani, siku ya Jumatano, mwezi nane Mfungo Nne, baada ya sala ya adhuhuri, zikiwa ndani ya sanduku jeusi gumu kama la vito. Zilitoka Maskati, ambako mwanangu anafanya kazi katika duka la vyombo vya sauti. Zilifika Kilindoni kwa ndege, na kutoka Kilindoni zilipakatwa na abiria mmoja mwanamke, ambaye mwanangu alikuwa amemwapisha kwa simu kwamba hataziweka chini hata gari litikisike namna gani. Aliponikabidhi alinyoosha magoti taratibu, akasema kwamba hata mwanawe mwenyewe hakupata kumpakata kwa muda mrefu namna ile.

Nina mazoea ya kuandika tarehe, nikihesabu kwa miezi ya Kiislamu kama tufanyavyo kwetu. Niliingia darasa la kisomo nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, tayari ni mama, na jambo la kwanza nililofundishwa kuandika baada ya jina langu lilikuwa tarehe ya siku ile, juu ya ukurasa, upande wa kulia. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na tisa. Wapo waliocheka nilipoanza, na wapo waliokaa kimya nilipomaliza. Wote nawakumbuka.

Aliyenishika mkono katika safari ile alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa mnunuzi wa samaki na nazi, mtu wa maneno machache, na alikuwa na penzi moja ambalo halikuwa na faida yoyote: kunasa maulidi. Alikuwa na kinasa sauti cha kanda ambacho alikiendesha kwa betri ya gari, na vipaza sauti viwili. Kimoja alikiweka upande wa wanaume na waya wake akauchomeka kulia. Cha pili alikipitisha chini ya pazia hadi upande wa wanawake, na waya wake akauchomeka kushoto. Watu walimwambia kimoja kinatosha. Yeye alijibu kwamba kimoja kinamwambia msikilizaji nini kilisomwa, lakini viwili vinamwambia nani alikaa wapi.

Nilipofaulu mtihani alitimiza nadhiri aliyoiweka bila ya kuniambia. Jumapili, mwezi kumi na saba Mfungo Saba, baada ya alasiri, maulidi yalisomwa nyumbani kwetu. Yeye mwenyewe alisoma mlango mmoja wa kitabu cha maulidi, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada ya siku ile, na mimi nyuma ya pazia niliongoza wanawake kuitikia. Katika kanda zote alizoziacha, ile ndiyo pekee ambamo tumo sote wawili. Tuliisikiliza mara nyingi kwa redio kubwa ya sebuleni, lakini redio ile ilikuwa na spika moja, na yeye kila mara alinung'unika kwamba hiyo siyo kanda aliyoinasa. Alitaka niisikie kama ilivyo, yeye akiwa kulia na mimi kushoto. Alifariki miaka minne iliyopita, Jumanne, mwezi ishirini na tano Mfungo Mosi, kabla jambo hilo halijawezekana.

Mwanangu alipokuja kutembea alizichukua kanda akaondoka nazo. Kule alizihamisha zote, mkanda kwa mkanda, zikawa faili kubwa, na akaniletea katika chombo kidogo kama kiberiti pamoja na hedifoni zile. Kisha akapiga simu kunipa masharti, nami nikayaandika. Faili zile nisikubali kuzisikiliza zikitumwa kwa simu, kwa sababu simu huzibana hadi zikapoteza pumzi. Chombo nisikichomeke kwenye umeme wa sola ninaposikiliza, kwa sababu mashine ya sola ina mvumo wake na hedifoni nzuri haina adabu ya kuficha mambo. Sauti niianze chini, niipandishe kidogo kidogo. Nivue vipuli, ili mito ya hedifoni ilale vizuri kuzunguka masikio. Na kati ya mto na sikio kusiwe na kitambaa chochote.

Hapo ndipo tulipovutana. Nilimwambia kwamba siwezi kusikiliza maulidi kichwa wazi. Alifikiri kidogo, akasema nivae hedifoni kwanza, kisha nijitupie kanga juu yake. Halafu akakumbuka kwamba hedifoni zile zimeachwa wazi mgongoni makusudi, ili sauti ipumue, na kanga itaiziba.

"Sasa, mama, kanga ile nyepesi kabisa," alisema. "Iliyochakaa."

"Sina kanga iliyochakaa," nilimwambia.

Nilikuwa nazo. Nilitumia moja.

Lakini kabla ya kusikiliza nilifanya jambo ambalo mwanangu hakulitaja katika masharti yake, kwa kuwa halikumpitia akilini. Alhamisi jioni, kama ilivyo desturi, nilitia makaa kwenye chetezo nikafukiza nguo za Ijumaa. Kitu cha thamani kinapoingia nyumbani mwangu kwa mara ya kwanza hakikai bila ya udi. Nilifukiza shela la mkwe wangu, nilifukiza cheti changu cha kidato cha nne. Nilizitundika hedifoni chini ya kapu la kufukizia, juu ya moshi, na kwa kuwa zilikuwa zimetoka mbali niliongeza kipande cha pili cha udi. Zilikaa humo mpaka magharibi.

Ijumaa, mwezi kumi, baada ya sala, nilifunga mlango, nikavua vipuli, nikakaa kitini na kuzivaa. Kwanza nilisikia chumba chetu cha zamani, kabla mtu yeyote hajasema neno. Sijui namna nyingine ya kulieleza hilo. Kisha nikamsikia mume wangu akisafisha koo. Kwenye redio koo lile halikuwahi kusikika. Nilisikia akivuta pumzi, nilisikia ukurasa ukifunuliwa, na alipoanza kusoma niliitambua hofu yake. Katika miaka yote ya ndoa sikujua kwamba siku ile aliogopa.

Akafika mahali pa kuitikiwa, akanyamaza. Sauti yangu haikumwitikia.

Nilingoja. Wanaume waliitikia kwa chini, kando yake, lakini wanawake hawakuwapo. Kushoto kulikuwa kimya. Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena. Nilisogeza mito, nikatoa kanga, nikaomba msamaha kwa kutoa kanga, nikairudisha. Nilipandisha sauti mpaka sikio la kulia likauma. Nilichomoa kila kitu nikachomeka upya. Mume wangu alisoma, akanyamaza, akasoma, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Ndipo harufu ya udi iliponifikia kutoka kwenye mito ile, nikajua nimefanya nini.

Mwanangu alipiga simu jioni ile kuuliza sauti iko vipi. Nilimwambia ni safi kabisa. Alitaka kujua kama wanawake wanasikika vizuri, kwa sababu upande wao ulimchukua wiki mbili kuusafisha. Nilimwambia wanasikika. Sikuwahi kumdanganya mwanangu katika jambo kubwa kabla ya siku ile, na niliandika tarehe.

Siku kumi zilizofuata nilizitumia kutafuta dawa ya kosa langu. Nilifuta wavu wa upande wa kushoto kwa pamba kavu, kisha kwa pamba yenye unyevu. Niliuanika kivulini, kisha juani. Nilizifukia hedifoni ndani ya mchele usiku kucha na mchana kutwa, kama wafanyavyo watu kwa simu zilizoanguka majini, ingawa nilijua kwamba moshi si maji. Kila baada ya dawa nilivaa na kusikiliza, na kila mara yeye alikuwapo kulia, hai kuliko nilivyoweza kustahimili, na mimi sikuwapo.

Jumanne, mwezi ishirini na moja, alikuja wifi yangu, dada wa marehemu, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu. Ni mtani wangu wa miaka arobaini, na hana mlango anaougonga. Alinikuta na ungo wa mchele mbele yangu, hedifoni zikiwa ndani yake, akauliza kama leo tunapika pilau la waya. Nilikuwa nimechoka kujificha, nikamweleza yote, hata uongo niliomwambia mwanangu.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Umezifukiza kama nguo za biarusi," alisema. "Tena udi vipande viwili. Zingekuwa na miguu zingekwenda zenyewe kwa mume."

Alizipukuta mchele, akaziweka kichwani juu ya mtandio wake, jambo ambalo nilimkataza, akazishusha vizuri, nami nikabonyeza. Nilimtazama uso. Alipomsikia kaka yake alifumba macho. Kisha akafumbua, akageuza kichwa haraka upande wa kushoto, kama mtu aliyeitwa.

"Huyu si wewe?" aliniuliza. Alikuwa akipaza sauti bila ya kujua. "Wifi, huyu si wewe unayevuta kiitikio? Na mimi huyu hapa nyuma yako. Nilikuwa na sauti namna hii?"

Nilimwambia asinifanyie mzaha kwa jambo hili. Alizivua, akaniangalia, na mzaha ulikuwa umemtoka usoni. Akazigeuza, kushoto ikawa kulia, akanivisha yeye mwenyewe, akabonyeza.

Wanawake waliitikia. Walijaa upande wangu wa kulia, kina mama ambao nusu yao nimewazika, na mbele yao sauti yangu, kavu kidogo, yenye kujiamini kupita kiasi, sauti ya mtu aliyefaulu. Tulikuwa tukimwitikia mtu ambaye hayupo. Mahali pake palikuwa na ukimya, na sisi tukaingia kila baada ya ukimya kwa wakati wake, bila ya kukosea.

Hedifoni zilikuwa nzima. Udi haukuzidhuru.

Nilikaa. Wifi yangu alikaa pia, kulia kwangu, kama kawaida yake.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Mimi mbona nakukalia kulia mwaka wa pili sasa," alisema. "Nikikaa kushoto kwako nasema peke yangu."

"Na hukuniambia."

"Nani akuambie wewe? Nilisema utajua mwenyewe. Wewe si ndiye msomi?"

Mimi nilidhani amechagua kiti kile kwa sababu kiko karibu na dirisha. Nilidhani watu msikitini wameanza kunung'unika badala ya kusalimia. Kijana akinipita kushoto bila ya shikamoo, niliandika moyoni kwamba malezi yamekwisha Bweni. Sasa nilianza kuwahesabu vijana wale, mmoja mmoja, na sikuweza kwenda kumwomba radhi hata mmoja wao, kwa sababu nisingejua yupi aliniamkia na yupi hakuniamkia.

Jumatatu, mwezi ishirini na saba, nilikwenda Kilindoni kwa daktari. Alikuwa kijana mwenye heshima, aliniamkia kwa kuinama, upande wa kulia kwa bahati. Alitazama ndani ya masikio yote mawili, akagonga chuma chake na kukiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio, akaniuliza nasikia wapi. Alisema nikipenda naweza kuvuka kwenda bara nikapimwe kwa mashine, lakini asingependa nisafiri na tumaini ambalo yeye hana. Mshipa wa sikio ukishakufa, alisema, haurudi. Nilimuuliza ulikufa tarehe gani. Alidhani natania.

Ijumaa, mwezi mosi Mfungo Tano, mwanangu alipiga simu, na nilimwambia. Nilimweleza kwanza juu ya udi, kwa kuwa hilo lilikuwa jepesi zaidi, kisha juu ya sikio. Nilisikia magari ya huko aliko yakipita.

"Mama, ungeniambia," alisema mwishoni.

"Nimekuambia."

Baada ya hapo sauti yake ikawa ya kazi, na nilimshukuru kwa hilo. Alinielekeza niingie kwenye mipangilio ya chombo, nishuke mpaka mstari fulani, nibonyeze. Alisema hapo kulia na kushoto vitaunganishwa, na kila sikio litapata vyote. Nilimuuliza kwa nini basi marehemu baba yake alihangaika na vipaza sauti viwili. Alisema nijaribu tu. Nilibonyeza, nikavaa, nikaacha simu mezani ikiwa wazi.

Alisafisha koo. Alisoma. Akafika mahali pa kuitikiwa, na sisi tukaingia, katika sikio moja lile lile, hapo hapo alipokuwa amesimama yeye. Siku ile ya maulidi hapakuwa na mwanamke aliyesogea kwenye mkeka wa wanaume. Sasa pazia limeondolewa na watu wote wamesukumwa katika kona moja. Sikuweza tena kujua nani alikaa wapi. Na kipaza sauti cha wanawake kilikuwa karibu mno nami, kwa hiyo kila alipoanza mstari mpya kabla hatujamaliza, sauti yangu ilimfunika. Maneno yake ya mwanzo wa kila mstari, yale ambayo kwa wiki tatu nilikuwa nimeyajua pumzi kwa pumzi, yalipotea chini yangu.

Niliichukua simu. Mwanangu aliuliza kama wamefika wote.

"Wamefika," nilisema. "Lakini wamebanana. Baba yako simsikii vizuri. Mimi ndiye ninayemfunika."

Alisema hilo si tatizo. Angeweza kutengeneza faili nyingine, awapunguze wanawake mpaka baba atokeze, na angeituma kabla ya wiki ijayo. Nilimuuliza akiwapunguza wanawake, mimi nitabaki kiasi gani. Alikuwa mkweli, kama baba yake. Alisema nitasikika kwa mbali, kama mtu aliye nyumba ya pili.

Nilitaka kumwambia afanye hivyo. Kisha nikataka kumwambia apunguze upande wa baba yake badala yake, nikaona haya. Mwisho nilimwambia aache kama ilivyo, nikazivua hedifoni na kuziweka katika sanduku lake. Mlango ule wa maulidi haukuwa umefika katikati. Niliusikia ukiendelea ndani ya sanduku, mdogo sana, mpaka nilipokifunga kifuniko.