Njahi za Gladwell

Mama mkwe wangu, Gladwell wa Kanja, alikuwa mbishi kupindukia. Alibishana na redio, na mchungaji, hata na mvua. Alituacha mwaka jana, na kila nionapo njahi zikichanua kwenye ua, namkumbuka.

Kwetu njahi, yale maharagwe meusi, ni chakula cha mama aliyejifungua. Gladwell alizipanda kila msimu, akazichagua na kuzihifadhi kwenye debe chini ya kitanda chake. Zilikuwa zangu, za siku nitakayozaa. Msimu ukipita bure, aliwagawia majirani waliojifungua, kisha akajaza debe upya.

Mimba zangu tatu zilitoka changa kabisa. Ya kwanza ilitoka kesho yake baada ya kubeba gunia la kahawa hadi fakitori. Gladwell ndiye aliyenituma. Tangu hapo hakunituma tena, hata maji ya kunywa. Nikajua amenichoka, nami nikamnunia miaka sita.

Mwishowe mume wangu, Njiru, akanipeleka kliniki mjini Embu. Gladwell akang'ang'ania kuja. Baada ya vipimo, Daktari Kanana alitueleza polepole.

"Ndani ya ukuta wa mji wa mimba kuna vijumbe vidogo sana, tunaviita RNA ndogo. Vinanyamazisha jeni fulani ili ukuta uwe tayari kupokea kiinitete. Vikizidi ama vikipungua, huenda kiinitete kisishike vizuri. Tunashuku ni hivyo kwako. Utafiti unaendelea, lakini dawa yake bado hatuna."

Mimi nilisikia hilo la dawa tu. Gladwell alisikia lingine.

"Daktari, kwa hivyo si lile gunia?"

"Gunia gani, mama?"

"La kahawa. Mimi ndiye nilimtuma."

"Hapana, mama. Si gunia."

Mbishi yule hakubisha. Alijifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti mbele ya wagonjwa wote. Nami nikaona aibu kwa miaka yote niliyomnunia.

Tulipofika nyumbani alivuta debe, akazipika njahi zote na ndizi, akaniwekea sahani iliyojaa.

"Mama, mimi sijazaa."

"Kula, mwana wakwa, mwanangu. Umebeba watatu, na hakuna aliyewahi kukupikia."

Nilikula zote. Alikaa kando yangu hadi nikamaliza, kama wanavyokaa na mzazi aliyejifungua.