Yule Dada wa Kijerumani Alisaini

Kaka yangu alipotua uwanja wa ndege wa Baiyun siku tatu kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, ilinipasa nishtuke. Mfanyabiashara aliyezoea Guangzhou kwa miaka kumi hakosei sikukuu hiyo. Viwanda vimefungwa, malaoban, yaani matajiri wenye maduka, wameshapanda treni kwenda kwao, na jengo zima la biashara la Tianxiu limeshusha milango ya chuma. Anayekuja wiki hiyo hana cha kununua. Mimi nikamcheka, nikamwambia amezeeka. Akacheka na yeye, akanipa mfuko wa dagaa na ubuyu kutoka kwa mama. Chini ya ubuyu palikuwa na bahasha ya kaki.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi moja. Baba alifariki mwaka uliotangulia, nyumba ya Magomeni ilikuwa bado haijagawiwa, na warithi tulikuwa watatu: mama, kaka na mimi. Karatasi ilisema kwamba mimi nimeridhia nyumba iuzwe. Ilitaka sahihi yangu na dole gumba.

"Mama keshakubali," kaka akasema. "Ni karatasi tu. Hatahama mpaka tumpatie pazuri."

Kwetu, kaka mkubwa akishasema mama keshakubali, kumpigia mama simu umuulize ni kumtukana kaka. Nililijua hilo, na yeye alijua kwamba nalijua. Basi nikaanza visingizio. Mara nina ripoti ya chuo naimalizia, mara kichwa kinaniuma, mara wino wa kuwekea dole sijaupata. Kila asubuhi alinipigia kunisalimia, tukamaliza salamu zote, halafu akanyamaza kidogo kabla ya kukata. Ukimya ule ulinitoa jasho kwenye baridi ya Februari.

Mama ametuzaa katika nyumba ile na ameugulia mume katika nyumba ile. Funguo zake huzifunga kwenye pindo la kanga, hata akienda msalani anakwenda nazo. Siku hizi anasahausahau. Anaweza kukuuliza mara tatu kama umekula. Ukimpeleka mahali pengine, huyo atapotea mchana kweupe. Nilimwogopea mama, na nilimwogopa kaka, maana ndiye aliyenilea baba alipoanza kuugua, na siku nilipoondoka na skolashipu yangu kuja kusoma China alilia uwanja wa ndege kuliko mimi. Ningemwambiaje mtu huyo hapana?

Jumamosi, siku moja kabla ya safari yake, tulikwenda kula mchana kwa mama mmoja wa Kitanga mwenye mgahawa mtaa wa Xiaobei. Wake tu ndio uliokuwa wazi. Kulikuwa na watu saba au wanane waliokwama na sikukuu, wamechoka kula na kulala. Mwenye mgahawa aliponiona akaniletea rimoti.

"Mwalimu wetu huyo! Njoo utusomee, kuna filamu ya mauaji ya Kijerumani hapa."

Kwetu Dar wapo watu ambao kazi yao ni kuzungumza Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na mtazamaji huwapenda kwa chumvi wanayoongeza kuliko kwa ukweli. Mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo wa Xiaobei. Wajerumani wanasema Kijerumani, maandishi ya Kichina yanapita chini, nami nasimama kando ya televisheni nawapa Kiswahili. Inspekta yeyote wa Kijerumani kwangu anaongea kama mzee wa Pangani. Pale ndani mwingine aliyeweza kusoma Kichina alikuwa mwanafunzi mmoja Mkenya, ambaye hukaa pembeni na sahani yake na hajawahi kuniumbua.

Hadithi yenyewe sikuichagua mimi. Mzee mwenye nyumba kubwa na miti ya matofaa amekufa, ameacha mjane, mtoto wa kiume na wa kike. Nyumba imeuzwa. Wiki moja baadaye mjane anakutwa amekufa chini ya dirisha la nyumba ileile. Inspekta anamwita binti, anamwekea karatasi mezani, anamuuliza, "Sahihi hii ni yako?" Kaka alikuwa amekaa meza ya mbele, ameacha kutafuna.

Kisha picha ikarudi nyuma, tukaonyeshwa siku yenyewe. Kaka wa Kijerumani anaisogeza karatasi, dada yake anaitazama. Maandishi yakapita chini, nikayasoma, na sikuyatamka. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema:

"Kaka, siwezi. Nakuheshimu, lakini siwezi. Mama akitoka humu atalala wapi? Yeye mwenyewe umemuuliza?"

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Nikajiona shujaa kwa muda wa kama sekunde tatu.

"Ee, mbona anasaini?" mwenye mgahawa akauliza.

Nikageuka. Kwenye kioo cha televisheni yule dada alikuwa ameinama, kalamu mkononi, anaandika jina lake polepole mpaka herufi ya mwisho. Nilikuwa nimesahau kwamba picha haidanganyi pamoja nami.

Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Alifuta vidole, kimoja kimoja, akasema, "Rudisha nyuma."

"Kaka, ni filamu tu."

"Rudisha. Safari hii sema kilichoandikwa."

Nikarudisha. Kaka wa Kijerumani akaisogeza tena karatasi, maandishi yakapita tena, na sasa sikuwa na pa kukimbilia. Nikayasema yalivyo: "Mama keshakubali. Ni karatasi tu. Hatahama mpaka tumpatie pazuri."

Kaka akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Unanianika mbele za watu? Unachukua maneno yangu unayatia mdomoni mwa Mzungu?"

"Sijaongeza kitu, kaka. Wallahi."

"Umebuni! Umeshabuni mara moja, hii ya pili itakuwa kweli?"

Hasira ilinipanda hadi machozi, maana alikuwa na haki ya kutoniamini. Ndipo yule Mkenya akainua kichwa kutoka kwenye sahani.

"Ile ya kwanza alitupiga chenga, buda, hiyo sikatai," akasema. "Lakini hii hajabuni. Imeandikwa hivyo hivyo. Neno kwa neno."

Hakuna aliyecheka safari hii. Kaka aliutazama mlango, akanitazama mimi, akaokota kiti akakirudisha mahali pake. Akatoka bila kumaliza wali. Nikabaki nimesimama na rimoti, na mwenye mgahawa akaja akaichukua mkononi mwangu, akazima.

Jumapili nilimsindikiza Baiyun kwa metro. Kwenye mlango wa ukaguzi nikampa bahasha. Aliipokea bila kuifungua. Alijua kutokana na uso wangu kwamba karatasi haikuwa na sahihi.

"Yule mama," akasema. "Kaka mtu ndiye aliyemuua?"

Usiku nilikuwa nimeimalizia filamu ile peke yangu. "Hakuna aliyemuua. Alisahau kwamba amehama. Alirudi kwake, funguo zikakataa, akajaribu kuingia kwa dirishani, akaanguka."

"Sasa polisi walikuwa wanatafuta nini?"

"Nani alisaini."

Akavuta begi, akaingia. Nilimwita mara moja, akapunga mkono bila kugeuka.

Siku mbili nilizikaa nimeshika simu. Jumanne mama akapiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kaka yako kafika. Kaja na begi moja kwa moja, hata kwake hakupita. Kakaa kibarazani, kaniomba funguo."

"Ukampa?"

"Nikampa, ila za nini, na mlango uko wazi? Kazishika, kazitazama, kisha kanifungia mwenyewe kwenye pindo la kanga. Eti alitaka kuona kama bado ninazo. Sasa hivi amelala. Wewe umekula?"

"Nimekula, mama." Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za bweni, naona aibu kwa yote niliyomdhania kaka na nashukuru kwamba funguo kazirudisha. Nikajisahau, nikauliza, "Na ile karatasi uliyokubali, ameshaichana?"

"Karatasi gani?"

Pale ndipo nilipojua. Hakukubali. Hakuwahi hata kuulizwa.

"Karatasi gani, mwanangu?" akarudia, na sasa alikuwa ameshtuka. Nyuma yake nilisikia mtu akikohoa usingizini, kikohozi kama cha baba.

"Ya chuo, mama," nikamwambia. "Ni karatasi tu."