Jogoo Mwenye Kilemba Mlangoni kwa Bi Zuhura

Enzi zetu, wenzangu mliolelewa Mji wa Kale, mwaliko haukuandikwa. Nyumba ikiwa na shughuli, mtoto alitumwa kubisha mlango baada ya mlango, na kuruka nyumba moja ilikuwa sawa na kumtukana mwenyewe. Ambaye hakualikwa hakuja, hata kama harufu ya pilau ilimfuata mpaka chumbani. Miaka ile ya tisini nilikuwa na miaka kumi, magoti yamejaa vumbi la kucheza kibe, na Bibi yangu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, akanituma mimi kualika maulidi yake ya wanawake. Nyumba ishirini na moja, za Ndia Kuu na vichochoro vyake!

Hakunipa karatasi. Tuliketi barazani, sahani ya mahamri katikati yetu, akaniambia nifumbe macho, akanitembeza njia nzima kwa maneno. Kila mlango tuliweka kioja. Kwa fundi cherehani, samaki anayeshona. Kwa muuza achari, mbuzi aliyejipaka wanja. Na kwa Bi Zuhura, kwenye mlango wake mkubwa wa nakshi, jogoo aliyevaa kilemba.

"Akili ni mtoto," Bibi alisema. "Kitu kikavu yatema. Ichekeshe, itashika."

Nilicheka mpaka hamri likanipalia. Kabla ya kulala alinipitisha tena, na asubuhi kabla ya chai, tena. Hata leo sijui nani alimfundisha kwamba jambo likirudiwa baada ya kupumzika ndipo linapokaa, maana Bibi hakuwahi kuketi darasani hata siku moja.

Basi nikatoka, kifua mbele. Hodi, hodi! "Sabalkheri. Bibi akusalimu, akualika maulidini Alhamisi, baada ya alasiri." Huku kunanukia kaimati, kule udi, na mimi natembea nusu ndotoni, nikiwakuta samaki na mbuzi wangu kila mmoja mahali pake. Nilirudi nyumbani mikono imejaa mabuyu.

"Hukusahau mtu?"

"Hata mmoja, Bibi."

Alhamisi mikeka ilijaa, asumini na marashi mpaka kichwa kinazunguka. Mto wa kando ya Bibi tu ulibaki mtupu. Ulikuwa wa Bi Zuhura, rafiki yake tangu usichana wao. Kila kasida mpya ilipoanza, Bibi aliutazama mlango. Nikaipita tena ile njia kichwani, na ndipo nilipokumbuka mlango wa mbao tupu, wa rangi ya kijani, ambao sikuuzoea. Nilipita mbele yake nikimtafuta jogoo. Ule wa nakshi ulikuwa umeuzwa wiki ileile.

Nilikiri huku nalia. Bibi hakunichapa. Kesho yake alishika bakora, akajikokota na sahani ya halwa, mimi nyuma yake nikitamani ardhi inimeze. Bi Zuhura alifungua, macho mekundu. Macho yake yakamruka Bibi. Alinitazama mimi.

"Mlango nimeuza, mwanangu," akasema. "Mimi nipo."

Bibi akamweleza habari ya jogoo. Bi Zuhura alijaribu kununa, akashindwa, mwanya wake ukaonekana, na wazee wale wakacheka na kulia pamoja mpaka halwa ikasahaulika. Njiani Bibi aliniambia, "Siku nyengine, kilemba mvike mtu. Usiuvike mlango."

Siku hizi twaalikana kwa simu, watu mia kwa kidole kimoja. Binti yangu nikimwuliza shangazi yake alizaliwa lini, huiuliza simu kwanza, kisha hunitazama kwa huruma kana kwamba mimi ndiye niliyesahau. Wala sina la kumcheka. Juzi simu yangu ilizimika Ganjoni, na namba ya mume wangu sikuikumbuka.

Lakini zile nyumba ishirini na moja ninazo zote. Mwezi uliopita nilipita Ndia Kuu. Bibi na Bi Zuhura wameshatangulia mbele ya haki, na penye mlango wa kijani sasa ni duka la vinyago. Nilisimama hapo, nikamwona Bi Zuhura na mwanya wake, kilemba cha jogoo kimemkaa upande, na kabla sijajizuia nikasema polepole, "Hodi, Bi Zuhura. Bibi akusalimu, akualika."

"Karibu," akaitika mwenye duka, akidhani nimekuja kununua.