Likizo Tuliyokaa Jirani na Simu

Mume wangu alikuwa mtunza stoo ya mbolea mjini Iringa. Miaka ile ya sabini, tulipopata likizo yetu ya kwanza bila watoto, alikubali twende Mbeya kwa sharti moja: tufikie kwenye nyumba yenye simu. Bati la stoo lilikuwa linavuja, mvua zilikuwa zimekaribia, na msaidizi aliyemwachia funguo hakuwa mtu wa wasiwasi.

Tulipanga chumba kwa mama mmoja mjane wa Kinyakyusa. Simu ilikaa ukumbini, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Ukizungusha mpini wake wa pembeni unampata opereta wa mjini, unamtajia namba, unaweka simu chini, unangoja akupigie laini ikipatikana. Akipiga usipokuwepo, nafasi anapewa mwingine.

Asubuhi ya kwanza mume wangu alivaa koti, akaomba Iringa.

"Laini ya Iringa ina watu wengi," opereta akasema. "Kaa karibu."

Akakaa karibu. Mimi nikaenda na mwenye nyumba sokoni Mbalizi. Tuliporudi na viazi na maparachichi, koti lilikuwa bado limefungwa vifungo vyote.

"Imeita?" nikamuuliza.

"Imeita. Kuna mtu anataka chumba cha Jumamosi. Nimemwambia kipo, ila choo ni cha nje."

Mwenye nyumba alimtazama kwa heshima. Mwenyewe, alisema, hilo la choo alikuwa halitaji mpaka mgeni afike.

Siku zilizofuata zilienda hivyo hivyo. Mimi nilitembea mji mzima. Yeye alikunywa chai pembeni ya simu, akala pembeni ya simu, na kwa kuwa alikuwa hapo, akaanza kupokea wageni. Madereva wa malori waliingia wakamwamkia. Mmoja alimlalamikia kuhusu mto wake, akabadilishiwa. Mwingine aliambiwa atoke akafute vumbi kwenye viatu, akatoka. Kila jioni opereta alisema ni vizuri kujaribu kesho.

Kisha mwenye nyumba akapata msiba Tukuyu.

"Baba," akamwambia mume wangu, "wewe si upo tu hapo?"

"Nipo, mama."

Akampa funguo. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nikaonyeshwa unga ulipo.

Mvua ya kwanza ilianza kunyesha mchana wa siku iliyofuata, nzito, juu ya bati letu, na bila shaka juu ya lile lingine. Mume wangu alisimama mlangoni akiitazama. Wakati huo huo wakaingia mtu na mkewe, wamelowa, wanatetemeka, wanaomba maji ya moto. Alikuwa anawaelekeza bafuni simu ilipoita.

"Iringa hiyo, ongea," opereta akasema, kwa sauti iliyonifikia mpaka jikoni.

"Subiri kidogo," mume wangu akajibu. "Nina wageni."

Aliposhika tena mkono wa simu, Iringa ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine. Alibaki amesimama, mkono bado juu ya simu. Nilidhani atapandisha hasira. Akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akaniuliza kama kuni zinatosha.

Mwenye nyumba aliporudi tulikuwa tumebakiwa na siku moja. Tuliitumia kutembea kwenye matope, sisi wawili tu, chini ya mwavuli wa kuazima. Hakuitaja mbolea hata mara moja. Alizungumzia mashuka, jinsi yanavyochelewa kukauka Mbeya.

Tulipofika Iringa alipitia stoo kabla ya nyumbani. Msaidizi alikuwa amehamishia magunia mengi upande wa mbele na kuyafunika turubai bila kuambiwa na mtu. Machache ya nyuma yalikuwa yamelowa na kuwa magumu kama mawe.

"Nilitaka kukupigia simu, mzee," msaidizi akasema. "Sikuwa na namba ya huko."

Mume wangu alilipapasa gunia moja, akakaa juu yake.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado."

Akanigeukia mimi. Nikafungua kikapu, nikawapa ndizi tulizopewa na yule mama, wakala wote wawili, mvua ikiendelea kuingilia nyuma.